Hodari wa simu, wageni wa kompyuta

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, steshenari za Ng'ong'ona, mtaa ulioota pembeni mwa Chuo Kikuu cha Dodoma, hujaa hadi barazani. Wahitimu wanasimama na bahasha za kaki mkononi. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Mhudumu anaskani, anapunguza ukubwa wa mafaili ili mfumo uyapokee, anafungua akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za Serikali, na mteja asiye na barua pepe anafunguliwa papo hapo. Nywila anaitunga mhudumu mwenyewe na kuiandika kwenye kaunta buku lililolazwa kando ya kibodi, mstari mmoja kwa kila mteja. Mteja anaupiga picha mstari wake kwa simu, analipa, anaondoka.

Mteja huyo ana shahada. Ameandika ripoti ya utafiti ya kurasa hamsini, nayo ilichapwa na kupangwa kwenye steshenari kama hiyo. Kazi za nyumbani alizituma kwa simu. Mkopo wa elimu ya juu aliuombea steshenari, na namba ya mlipakodi ataichukulia hukohuko. Kuanzia kidato cha nne hadi siku ya usaili anaweza kuvuka kila mlango unaodai kompyuta bila yeye mwenyewe kuigusa. Kila mlango una mtu wa kumfanyia kwa shilingi elfu kadhaa. Kwa wengi, mlango wa kwanza usio na mtu huyo ni ofisi inayowaajiri.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa huku ofisi ndiyo kiwanda. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini msukumo wa kweli ulikuja mwaka 2016. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na mwaka uliofuata Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa ukiwa na watu 3,085,625. Kijana wa Bahi, Chemba, Kongwa au Manyoni ambaye zamani angeifikiria Dar es Salaam, leo macho yake yako Mtumba, kwenye halmashauri, benki, kampuni za ujenzi na mashirika yaliyozifuata wizara. Karibu zote zinamtaka aketi mbele ya kompyuta.

Jumla ya jana kwenye taarifa ya leo

Mkae karibu kijana wa namna hiyo katika wiki yake ya kwanza kazini. Amepewa barua ya nusu ukurasa aichape. Anatafuta herufi kwa kidole kimoja cha kila mkono, macho yakiwa kwenye kibodi. Akifika kwenye jina la mtu, anabonyeza Caps Lock, anaandika herufi moja, anabonyeza tena kuizima. Kichwa cha barua anakisukuma katikati kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini na kitu. Mkuu wake akitaka herufi ziongezwe ukubwa, kichwa kinahama, naye anaanza upya kusukuma.

Kwenye Excel mambo huwa mazito zaidi. Ana safu ya tarakimu thelathini za mahudhurio ya kliniki au makusanyo ya soko. Anachukua simu, anafungua kikokotoo, anajumlisha moja moja, kisha jibu analiandika kwenye kisanduku cha mwisho. Kesho yake mtu wa kata anapiga simu kurekebisha tarakimu moja. Kijana anairekebisha, lakini jumla inabaki ileile ya jana kwa kuwa hakuna fomula iliyoishika. Taarifa inapanda ngazi, kutoka kata hadi wilaya hadi mkoa, ikiwa na kosa ambalo hakuna atakayejua lilikotokea.

Muulize faili liko wapi, atakujibu kwamba lipo kwenye Word. Folda, jina la faili na diski ni habari ambazo hajawahi kulazimika kuzijua. Akiombwa atume nakala, anaipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu na kuituma WhatsApp, kivuli cha kichwa chake kikionekana juu ya kioo.

Mambo haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama ofisi zingekuwa bado za mafaili ya kaki na masijala. Lakini kazi ya Serikali imehamia kwenye mifumo. Malipo hupita kwenye MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Ununuzi tangu 2023 unafanyika kupitia mfumo wa NeST, na mzabuni asiyeweza kujisajili na kupakia nyaraka zake hana zabuni. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 fomu za OPRAS za kupima utendaji zimeipisha PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake mwenyewe na utekelezaji wake. Likizo na uhamisho navyo huombwa mtandaoni. Mtumishi asiyejua kujaza haonekani amefanya kazi, hata kama amekesha akifanya.

Ndipo steshenari inapomfuata kazini. Saa ya chakula cha mchana anachomoka na flashi mfukoni, anakwenda kuomba ajaziwe PEPMIS au apangiwe jedwali la bosi. Ndani ya flashi hiyo mna majina ya wagonjwa, namba za simu za wakulima, mishahara ya wenzake. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini haina nguvu ndani ya kaunta buku la mtu wa tatu lenye nywila ya mfumo wa ofisi.

Aibu ya kuwa kijana

Kinachoufanya ugonjwa huu usionekane mapema ni imani kwamba kijana na kompyuta ni pete na kidole. Mkuu wa idara wa miaka hamsini na tano anapopata shida na projekta, anamwita aliye mdogo kuliko wote ukumbini: “Njoo, nyie vijana ndio wenye mambo haya.” Kijana anakwenda, kwa sababu kukataa ni kujivua nguo. Anabonyeza hapa na pale, bahati ikimkubali picha inatokea, na sifa anayopata inazidi kumfungia mdomo. Siku atakayokwama kwenye jambo dogo hawezi kuuliza, maana amekwishaitwa mtaalamu.

Imani hiyo ina wazee wake nje ya mipaka yetu. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, alieneza hoja kwamba waliozaliwa katika zama za kompyuta ni wenyeji wa ulimwengu huo na wazazi wao ni wahamiaji. Hoja ilipendwa kuliko ilivyopimwa. Ilipopimwa, ilipwaya. Utafiti wa kimataifa wa ICILS, unaowapima wanafunzi wa darasa la nane kwa kuwapa kazi halisi za kompyuta, ulikuta mwaka 2018 kwamba asilimia 2 tu ndio waliofika ngazi ya juu kabisa. Na nchi zilizopimwa zilikuwa zenye umeme na vifaa. Mwaka 2021 jarida la mtandaoni la The Verge liliandika kuhusu wahadhiri wa Marekani walioshangaa kuona wanafunzi wa sayansi hawaelewi folda ni nini, kwani wamekulia kwenye simu ambamo unatafuta kitu kwa jina na kitu kinakuja.

Simu imetengenezwa ili mtumiaji asijue kinachoendelea ndani. Picha inajihifadhi, programu inajisasisha, faili linakaa linakojua lenyewe. Wepesi huo ndio umewaingiza mamilioni ya watu mtandaoni, na hakuna sababu ya kuudharau. Kijana wa Makole anayeuza viatu kwa Instagram, anayehariri video kwa simu na kupokea malipo kwa mtandao wa simu, ana ujuzi wa kweli unaomlisha. Lakini kazi za ofisi zimejengwa juu ya vitu ambavyo simu imevificha: faili lenye jina na mahali pake, jedwali lenye fomula, waraka mrefu wenye vichwa na kurasa, nakala ya akiba. Kumkabidhi ofisi kijana kwa sababu ni hodari wa simu ni kumdhania ujuzi asio nao.

Pembeni yake, mara nyingi, ameketi mama wa makamo ambaye hakuna aliyemwita kwenye projekta. Ni katibu mahsusi, amehitimu Chuo cha Uhazili Tabora wakati bado mafunzo ni ya taipureta. Anachapa bila kutazama vidole, huku anaongea na mgeni. Barua yake imenyooka pembe zote, na ukimwomba faili la miaka mitatu iliyopita analitoa kabla hujakaa. Kompyuta ilimkuta ukubwani, akaishinda, kwa sababu alikuwa na mambo mawili ambayo kijana hakupewa: vidole vilivyofundishwa kwa miezi, na utaratibu wa masijala kichwani.

Kompyuta ya ubaoni

Kijana huyo hakuzaliwa mzembe. Alipitia shule ya kata ambako, kama somo la kompyuta lilikuwepo, lilifundishwa ubaoni. Alikariri vizazi vya kompyuta kuanzia cha kwanza, akachora kibodi kwenye daftari na kuipaka rangi, akajibu kwamba kipanya ni kifaa cha kuingizia taarifa. Kipanya chenyewe huenda alikiona siku mbunge alipokabidhi kompyuta kumi, zikafungiwa katika chumba chenye kufuli kubwa kuliko la ofisi ya mkuu wa shule, kwa hofu ya wizi na ya wanafunzi kuziharibu. Zikazeeka zikiwa mpya. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma, na baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa vishikwambi vya makarani kwa walimu. Ni hatua. Lakini kifaa kilichofungiwa hakimfundishi mtu.

Chuoni hali haibadiliki sana. Vyuo vingi vina somo la utangulizi wa kompyuta mwaka wa kwanza, darasa la mamia ya wanafunzi, maabara ya zamu. Mtihani ni wa karatasi. Anayepata A anaweza kuwa hajawahi kuandika fomula hata moja kwa mkono wake.

Watu wa nyanda za kati wanapaswa kuijua hadithi hii kuliko Watanzania wengine. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa mradi mkubwa wa karanga, na matrekta na mitambo mingi ikiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Waliyaleta kabla ya kuwa na madereva na mafundi wa kutosha. Mitambo ikafia porini, ardhi ngumu na ukame vikamalizia, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Serikali huru nayo ilionja. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilivurugika, wazawa wenye ujuzi wakiwa wachache na kazi ikitegemea wataalamu wa kigeni, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Zuio hilo lilikuja kulegezwa kabisa miaka ya 1990. Wanaoingia ofisini leo ni wajukuu wa watu waliokuwa kazini wakati kompyuta ni bidhaa haramu.

Mara zote mbili fedha zilikwenda kwenye mashine, na mikono ya kuziendesha ikaachwa ijitafutie. Mifumo ya leo ni mizuri kuliko ile ya 1974, na Mamlaka ya Serikali Mtandao imeijenga mingi kwa vichwa vya Watanzania. Bajeti ya mikono ndiyo bado ndogo.

Tangazo la kazi linamtaka nani ajue?

Soma matangazo ya ajira ya halmashauri yoyote ya mikoa ya kati. Sharti la kompyuta lipo kwa katibu mahsusi: awe amehudhuria mafunzo na kupata cheti cha programu za ofisi, intaneti na barua pepe, tena awe na hatimkato ya maneno 80 kwa dakika. Geukia nafasi ya mtendaji wa kijiji kwenye karatasi hiyohiyo. Anatakiwa kuwa na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani inayokaribiana nazo, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Kompyuta mara nyingi haitajwi. Ilhali mtendaji huyo ndiye atakayekusanya ushuru kwa mashine ya kielektroniki, kuandaa taarifa za kijiji na kujaza mifumo, akiwa kilomita nyingi kutoka kwa katibu mahsusi wa karibu. Sharti limebaki pale ambapo taipureta ilikaa zamani.

Hata panapotajwa, kinachotakiwa ni cheti. Soko likaitika: kozi za wiki chache, programu tano kwa mpigo, cheti chenye mhuri mwekundu. Vipo vituo vinavyofundisha kweli, na kijana aliyepita huko anajulikana kwa vidole vyake. Vingine vinauza karatasi.

Mabadiliko yameanza kuingia. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kwa miaka kadhaa matangazo yake yamebeba anwani ya Jengo la Dkt. Asha Rose Migiro ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, imeanza kuwapitisha waombaji kwenye mchujo wa kompyuta, msailiwa akifanyia katika mkoa alipo. Kumpunguzia kijana wa Itigi nauli na gharama ya kulala ni jambo la heri. Lakini kwa baadhi yao saa ya mtihani ndiyo saa ya kwanza ya kushika kipanya peke yao, dakika zikihesabiwa kwenye kona ya skrini. Ushindani wenyewe hauna huruma: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 135,000. Kwenye foleni ya namna hiyo, aliyekulia nyumba yenye laptopu ameshatangulia kabla swali la kwanza halijatokea. Kupima bila kufundisha kutawaondoa watoto wa wakulima wa mtama na alizeti, kisha tuseme kompyuta ndiyo iliyochagua.

Kumwachia kiti

Orodha ya vitu vya lazima si ndefu. Kuchapa kwa vidole kumi, hata taratibu. Barua iliyopangwa kwa vitufe vya kupangia. Jedwali lenye fomula ya kujumlisha na ya wastani. Faili lenye jina linaloeleweka, ndani ya folda inayojulikana, na nakala yake mahali pengine. Waraka kugeuzwa PDF. Barua pepe yenye kichwa cha habari na kiambatisho. Nywila yako mwenyewe, uliyoitunga na usiyompa mtu. Kijana wa akili za kawaida anavimudu ndani ya wiki mbili akikaa kwenye kiti saa tatu kwa siku. Havimudu hata kwa miaka mitatu akisimama nyuma ya anayemfanyia.

Waajiri ndio wa kuanza, maana wao ndio wanaolipia hasara. Mafunzo elekezi ya mtumishi mpya yana maadili, muundo wa taasisi na taratibu za mavazi. Yaongezewe wiki mbili za kibodi. Mwalimu asitafutwe nje. Katibu mahsusi wa siku nyingi apewe jukumu hilo kwa barua, liingie kwenye utendaji wake, alipwe posho ambayo ingelipwa mkufunzi wa semina ya hotelini. Kijana akiambiwa wazi kwamba kila mgeni hupita hapo, aibu inakosa pa kushika. Kwenye usaili, nusu saa ya kazi ya mkono ina thamani kuliko vyeti vitatu: andika barua hii, jumlisha safu hii, tuma kwa anwani hii.

Vyuo navyo vina uwezo ambao haviutumii. Hombolo, Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), St. John's na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vimo ndani ya jiji moja. Somo la kompyuta lifanyiwe mtihani mbele ya kompyuta, na walau kazi moja kila muhula ichapwe maabara, mwanafunzi akiwa peke yake na msimamizi akiangalia. Kwenye sekondari, mkuu wa shule apimwe kwa saa ambazo chumba cha kompyuta kilikuwa wazi. Kipanya kilichovunjwa na wanafunzi ni dalili njema kuliko kipanya kilicho kwenye nailoni yake miaka minne.

Wenye steshenari nao wasionekane maadui. Wamebeba nchi mgongoni. Bila wao, mifumo mingi ya Serikali isingepata watumiaji kwa kasi iliyopata. Ndio walimu wa kompyuta walioenea kuliko wote, isipokuwa hawajawahi kulipwa kufundisha. Asubuhi nyingi mashine zao hukaa bure. Halmashauri ya Jiji ikiingia nao mkataba mdogo, kijana aketi mwenyewe na mhudumu asimame pembeni kwa ujira unaoeleweka, Dodoma itakuwa na mamia ya madarasa bila kujenga hata moja. Vijana nao wanaweza kuanza bila mkataba wowote: safari ijayo, mwombe mhudumu akuachie kiti, lipia muda, na ukubali watu wa nyuma yako wagune.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumewaonea vijana wetu huruma ya kuwafanyia, kisha tunawacheka kwamba hawawezi. Wiki mbili zinapatikana, mwalimu tayari yuko kwenye orodha ya mishahara, na kompyuta ipo mezani. Mwajiri anayelalamika kwamba wahitimu wa siku hizi hawajui kitu ajiulize ni lini mara ya mwisho alimkalisha mmoja wao, akamwachia kibodi, akamvumilia akosee.